Nguvu ya dalali ni daftari: LinkedIn, barua pepe na kijana wa Same

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi, mniwie radhi, umeme na bando vilikuwa vinapokezana kunisumbua. Leo sina habari ya ajali wala ya mkutano wa hadhara. Nina jambo moja ambalo naona linawapita vijana wenzangu wa Same, Mwanga na huku milimani kote, nalo ni ORODHA YA BARUA PEPE.

Najua kuna mtu ameshaanza kucheka. Barua pepe? Zama hizi za WhatsApp na TikTok? Subiri kwanza ndugu yangu, usifunge ukurasa. Nikimaliza ndo uniambie kama nimechanganyikiwa.

Tuanzie na tangawizi. Tangawizi ya Mamba Myamba inajulikana, hata kiwanda cha kusindika kipo kule kule juu, na mama Anne Kilango Malecela alipokuwa mbunge wa Same Mashariki alikipigania sana. Lakini muulize mkulima wa kawaida, mzigo wake unaishia wapi baada ya kupakiwa? Atakutajia dalali. Dalali naye anampelekea nani? Hapo mkulima hajui. Anajua lori lilikuja, lilipakia, likateremka.

Sasa watu wengi wanadhani nguvu ya dalali ni lori lake, au ni hela aliyonayo mfukoni. Si kweli. Lori linakodishwa, hela zinakopwa. Nguvu ya dalali ni daftari lake. Ana namba za wanunuzi wa Dar, wa Mombasa, wa Nairobi. Mnunuzi akipokea simu yake anajua ni nani, anakumbuka mzigo wa mwezi uliopita. Mkulima hana daftari hilo, kwa hiyo anasubiri bei aambiwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi naongeza kwamba hata bei bila daftari hupangwa na mwenye daftari.

Hii siyo hadithi ya tangawizi peke yake. Kijana anayetembeza wageni Mkomazi au kuwapandisha Shengena ni hivyo hivyo. Mgeni anakuja kwa mkono wa kampuni ya Moshi au Arusha, anaona faru, anapanda mlima, anafurahi, anapiga picha na kijana, anaondoka. Mawasiliano yake yanabaki kwa nani? Kwa kampuni. Mwaka unaofuata rafiki wa yule mgeni akitaka kuja, anaandikia kampuni. Kijana anabaki na picha kwenye simu.

Kwa hiyo swali langu la leo ni hili: kijana wa Same anaweza kutengeneza daftari lake mwenyewe? Nasema anaweza, na LinkedIn ni mahali pazuri pa kuanzia. Ila kuna njia ya halali na kuna njia ya mkato, na njia ya mkato ndiyo inayofundishwa sana. Nitaeleza zote mbili.

HALI ILIVYO HUKU KWETU

Ukipita steshenari yoyote pale Same mjini msimu wa maombi ya vyuo na mikopo, utakuta foleni ya vijana. Mhudumu anawafungulia barua pepe kwa sababu mifumo yote inaidai: Bodi ya Mikopo, Sekretarieti ya Ajira, BRELA ukitaka kusajili jina la biashara. Anayeweka neno la siri ni mhudumu. Anayelikumbuka ni mhudumu. Muulize kijana barua pepe yake, anakujibu "ipo kule steshenari". Yaani mtu ana sanduku la barua ambalo funguo anazo mtu mwingine! Ukitaka kuanza habari za orodha, anza hapo. Fungua barua pepe yako mwenyewe, neno la siri uweke wewe, namba ya simu ya kurejesha akaunti iwe yako na laini isiwe ya kuazima.

Kisha ndo inakuja LinkedIn. Siku hizi kila semina ya vijana lazima mtu asimame aseme "fungueni LinkedIn". Ni ushauri mzuri. Mtandao huu ulifunguliwa Mei 2003, Microsoft wakaununua mwaka 2016 kwa dola bilioni 26.2, na Novemba 2023 wenyewe walitangaza wamefikisha wanachama bilioni 1. Humo ndani wamo maofisa ununuzi, watu wa mashirika, wenye kampuni za utalii, na Wapare wengi tu walioko Dar, Dodoma, Uingereza na Marekani. Hao ndio watu ambao huwapati kwa kusimama stendi ya Same.

Tatizo linakuja kwenye hatua ya pili. Kijana akishafikisha watu 500 anajiona tayari ana soko. Ndugu yangu, watu 500 wa LinkedIn si wasomaji 500. Ni watu waliobonyeza "kubali" wakiwa kwenye daladala. Wengine hawakumbuki hata jina lako.

UKUTA SI WAKO

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba ukurasa wako wa LinkedIn ni kibao ulichotundika kwenye ukuta wa mtu mwingine. Mwenye ukuta ndiye anaamua nani akione na lini. Ukiandika kitu leo, hakifiki kwa watu wako wote, mashine yao inachagua nani aonyeshwe. Na ukuta wenyewe unaweza kuondoka.

Mnadhani natia chumvi? Urusi walifungia LinkedIn Novemba 2016. China LinkedIn yenyewe ilitangaza mwaka 2021 kufunga mtandao wake wa kule, ikabakiza programu ya ajira tu, nayo ikafungwa 2023. Watu waliokuwa wamejenga jina miaka yote hiyo waliamka asubuhi wakaambiwa kwaherini.

Na tusiangalie mbali. Hapa kwetu, Juni 2018, baada ya kanuni za maudhui ya mtandaoni kutoka, TCRA iliwataka wenye blogu na majukwaa ambao hawajasajiliwa wasitishe. Leseni na ada ya mwaka wa kwanza ilikuwa kama shilingi milioni 2 na ushee. JamiiForums ilizima kwa muda, blogu nyingi ndogo zikafa moja kwa moja. Wenye blogu hizo walikuwa na wasomaji kila siku, lakini wengi hawakuwa na njia ya kumwambia msomaji wao hata neno moja: "tumehamia huku". Kwa nini? Hawakuwa na orodha. Kisha Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa nchini, ukawa haufunguki bila VPN. Waliokuwa na maelfu ya wafuasi kule walibaki wanajiuliza wawapate wapi.

Sisemi barua pepe ni kinga ya kila kitu. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na barua pepe nazo hazikwenda. Lakini tofauti ni hii: mtandao uliporudi, mwenye orodha aliikuta orodha yake ilivyo, kwenye faili lake, kwenye flashi yake, hata kwenye karatasi. Hakuomba ruhusa kwa mtu.

Wazee wetu walilijua jambo hili kwenye maji. Nani hajui ndiva? Mfereji wa mlimani una zamu na una maji ya kupita, ukilala umepitwa. Kwa hiyo walichimba ndiva, maji ya usiku yakajikusanya, asubuhi wakafungua na kugawana kwa zamu. Hadi leo pale Bangalala ndiva ya Manoo inafanya kazi hiyo. LinkedIn ni mfereji, orodha yako ndo ndiva. Anayetegemea mfereji tu analima siku maji yakipita.

NJIA YA MKATO NA MWISHO WAKE

Sasa sikilizeni wanachofundishana vijana kwenye makundi ya simu. "Ingia LinkedIn, chukua barua pepe za watu wako wote, ziingize kwenye huduma ya kutuma majarida, tuma kwa mpigo." Wengine wanauza kabisa: barua pepe elfu kumi, bei ya soda mbili tatu.

Nakiri hapa mbele yenu kwamba nilishawahi kuifanya hiyo ya kwanza. Mwaka 2022 nilikuwa na kijarida changu cha habari za Same. Nilikaa usiku mbili nikifungua ukurasa wa mtu mmoja mmoja, nakopi barua pepe iliyoandikwa sehemu ya mawasiliano, nabandika kwenye jedwali. Nilipata kama 300. Nikatuma. Nikalala usingizi mzuri kabisa nikijua kesho nitaamka mtu maarufu.

Asubuhi nilikuta majibu 4. La kwanza lilitoka kwa mzee mmoja mstaafu, mtu wa milimani kwetu, ninayemheshimu sana. Aliandika sentensi moja: "Mwanangu, nani amekupa anwani yangu?" Sikuwa na jibu. La pili lilisema nimtoe. La tatu lilikuwa la mashine. La nne lilitoka kwenye ile huduma niliyoitumia kutumia barua, wanasema watu wengi mno wamenibonyeza kuwa ni takataka, akaunti imesimamishwa. Nilikasirika siku ile, nikawalaumu wao. Leo sioni walichokosea.

Na si mimi tu mtoto wa shule niliyekosea. LinkedIn yenyewe ilishitakiwa Marekani mwaka 2013 kwa jambo la ukoo huo huo. Walikuwa na huduma ya kukuruhusu uingize anwani za watu unaowasiliana nao, halafu LinkedIn inawatumia mwaliko kwa jina lako. Watu walisema sawa, mwaliko wa kwanza tuliridhia, lakini ule wa pili na wa tatu wa kukumbusha hatukuwahi kuuridhia, mmetuaibisha kwa marafiki zetu. Mwaka 2015 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 13 kumaliza kesi. Na mwaka 2018 wakabadilisha mpangilio, ukawa ukipakua orodha ya watu wako huzipati barua pepe zao mpaka mhusika mwenyewe awe ameruhusu. Sasa kama kampuni yenye mawakili wa kujaza ukumbi ililipa kwa kosa la kutuma barua zisizoombwa, wewe wa Kisiwani na simu ya mkopo unajiamini nini?

SHERIA YETU INASEMAJE

Wengi wanadhani haya ni mambo ya Wazungu. Hapana. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inagusa matangazo ya biashara yasiyoombwa: inazungumzia ridhaa ya mteja, mtumaji kujitambulisha, na mteja kupewa njia ya kukataa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huo huo nayo inawabana wanaorusha ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa, hawa matapeli wa "tuma kwenye namba hii".

Kubwa zaidi ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 3, 2024, na siku hiyo taasisi zinazokusanya taarifa za watu zikaagizwa zijisajili, muda wa kwanza ukiwa mwisho wa mwaka huo. Barua pepe ya mtu ni taarifa binafsi. Unapoichukua unatakiwa umwambie unaichukua kwa kazi gani, na usiitumie kwa kazi nyingine. Mhusika ana haki ya kukuzuia usiitumie kwa matangazo ya biashara. Na anayefichua au kuuza taarifa za watu kinyume cha sheria anakabiliwa na faini hadi shilingi milioni 20, au kifungo hadi miaka 10, au vyote. Milioni 20 wadau! Kwa orodha iliyouzwa bei ya soda.

Halafu kuna kitu kikubwa kuliko sheria, nacho ni watu wetu walivyo. Sisi Wapare hatupendi kuandikwa bila kuulizwa, na historia ipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 serikali ya mkoloni ilileta kodi ya kukadiria mali ya kila mtu, ikaipa jina la mbiru. Januari 1945 maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani hadi hapa Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa kupinga. Marehemu Profesa Isaria Kimambo aliandika kitabu kizima juu ya Mbiru. Waliokuja Same hawakuwa wanagoma kulipa kodi kabisa, walikuwa wanakataa ule mtindo wa mtu kuja kukukadiria na kukuandika anavyoona yeye. Basi yule mzee aliyeniuliza "nani amekupa anwani yangu" alikuwa anauliza swali la babu zake.

NJIA YA HALALI

Tuje kwenye kazi yenyewe sasa. Baada ya aibu ile nilianza upya na watu 11. Hatua zenyewe nazitoa kwa mpangilio huu, na nitatumia mfano wa kijana anayetembeza wageni na mwingine anayeuza tangawizi.

Kwanza, ule mstari chini ya jina lako. Wengi wanaandika "kijana mchapakazi ninayetafuta fursa". Huo mstari haumsaidii mtu yeyote. Andika unachofanya, wapi, na kwa nani. "Natembeza wageni Mkomazi na Msitu wa Chome, Same." "Nakusanya tangawizi ya Mamba Myamba kwa wanunuzi wa jumla." Mtu akitafuta neno Mkomazi au tangawizi, akukute. Kama wanunuzi wako wanasoma Kiingereza, andika kwa lugha zote mbili.

Pili, kiungo kimoja tu. Kwenye ukurasa wako kuna nafasi ya kuweka tovuti na nafasi ya kubandika vitu unavyotaka vionekane juu. Weka kiungo cha fomu ya kujiandikisha, mtu anaandika jina na barua pepe mwenyewe. Chini yake sema wazi atapata nini na mara ngapi. Mfano: "Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi nakutumia bei ya tangawizi shambani, hali ya barabara na mzigo uliopo. Ukichoka unajitoa kwa kubonyeza mara moja." Hapo mtu anajua anachoingia.

Tatu, toa kitu kabla hujaomba. Hapa ndo vijana tunashindwa. Mnunuzi wa Dar hana shida na salamu zako za wiki njema, ana shida ya kujua mvua zimeharibu barabara ya mlimani au hazijaharibu. Kampuni ya utalii ya Arusha inataka kujua njia ya kupanda Shengena ikoje baada ya masika, mlima wenyewe una mita 2,462, si wa kubahatisha na wageni. Mpare wa Uingereza anataka kujua mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe uliozinduliwa Machi 2025 umefika kijijini kwao au bado bomba limeishia barabarani. Hivyo ni vitu ambavyo WEWE unavijua kwa kupita tu, na yeye hawezi kuvipata kwenye gazeti. Andika kipande kifupi LinkedIn, maliza kwa kusema habari kamili ipo kwenye jarida, na kiungo kiko kwenye ukurasa wako.

Nne, mtu mpya akikubali kuungana nawe mwandikie ujumbe mmoja wa kawaida. Mshukuru, mwambie unafanya nini, mwulize kama angependa kupata jarida, mpe kiungo. Asipojibu, basi. Usimkumbushe mara tatu, tumeshaona dola milioni 13 zilivyokwenda.

Tano, usichanganye jarida la ndani ya LinkedIn na orodha yako. LinkedIn wana huduma yao ya majarida, na ukianzisha wao wenyewe wanawaalika watu wako wajiandikishe, namba inapanda haraka inapendeza macho. Itumie, haina ubaya. Ila jua kwamba barua pepe za hao waliojiandikisha hupewi, zinabaki kwao. Kwa hiyo kila toleo la kule weka kiungo cha fomu yako. Chukua maji ya mfereji uyapeleke kwenye ndiva.

Sita, mlango wa kutokea uwe wazi. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawataka watumaji wakubwa, wanaozidisha barua 5,000 kwa siku, waweke njia ya kujitoa kwa kubonyeza mara moja, na malalamiko ya takataka yasifike 3 katika kila barua 1,000. Wewe huna barua 5,000, lakini kanuni hiyo ifuate tangu mwanzo. Fanya hesabu: ukiwa na watu 300 wa kuokota kama niliokuwa nao mimi, mmoja tu akikasirika umeshapita kiwango. Ukiwa na 300 walioomba wenyewe, nani atakasirika?

Saba, ukijiweza nunua anwani yenye jina lako la biashara, ile inayoishia .co.tz. Barua za wengi zinazotumwa kupitia huduma fulani huku jina la mtumaji likiwa la Gmail ya bure mara nyingi zinaangukia kwenye takataka. Na andika maneno matupu, picha moja ndogo inatosha. Sisi tunaoishi huku tunajua, kuna sehemu ya mlima ukitaka kufungua picha inabidi utoke nje usimame juu ya jiwe.

Nane, pakua orodha yako kila mwezi, uihifadhi sehemu mbili. Na isiwe kwenye kompyuta ya steshenari!

"LAKINI WATU WETU WAPO WHATSAPP"

Hoja hii najua itakuja kwenye maoni, kwa hiyo naijibu mapema. Ni kweli kabisa. Kama wateja wako wako gulio la Hedaru au Ndungu, acha barua pepe, tumia simu. Mkulima mwenzako wa Bombo hatafungua barua pepe kuangalia bei. Mimi mwenyewe mama yangu mkubwa habari zangu anazipata kwa kupigiwa.

Lakini angalia nani anasoma barua pepe kazini kila asubuhi: ofisa ununuzi wa kiwanda cha viungo, meneja wa kampuni ya utalii, mtu wa shirika, daktari Mpare aliyeko nje. Hao WhatsApp zao zimejaa makundi ya harusi na misiba, ujumbe wako unazama kabla ya saa sita. Na kundi la WhatsApp lina kikomo cha watu 1,024, kila mmoja anaona namba ya mwenzake, na dalali akiingia humo amepata daftari lako lote bure. Orodha ya barua pepe hakuna anayemwona mwenzake. Kila mtu ni kama ameandikiwa peke yake.

Hoja nyingine ni kwamba inachukua muda. Ndiyo, inachukua. Tuseme unapata watu 10 kwa mwezi, mwaka unaisha una 120. Linganisha na wale elfu kumi wa kununuliwa, unaonekana mdogo. Lakini katika hao 120 wakiwemo wanunuzi 6 wa tangawizi, umeshampunguzia dalali sauti. Siku anakuambia bei imeshuka Dar, unaandika barua moja jioni, kesho asubuhi unajua kama ni kweli. Hiyo ndiyo faida ninayoizungumzia.

Sisemi madalali wafe. Wengine ni ndugu zetu, wamesomesha watoto kwa kazi hiyo, na kuna mahali bila wao mzigo ungeozea shambani. Ninachosema ni kwamba wao wana daftari na sisi hatuna, na tofauti hiyo tumeiacha miaka mingi tukidhani ni bahati yao.

KWA VIONGOZI KIDOGO

Nimalizie na upande wa pili. Halmashauri, vyama vya ushirika na mashirika huku kwetu yanakusanya majina, namba na barua pepe kila semina. Fomu inazunguka, tunasaini, tunaandika kila kitu. Umewahi kuuliza ile karatasi inakwenda wapi? Mimi nilishawahi kupigiwa simu ya biashara wiki moja baada ya semina, na mpigaji alikuwa na jina langu matatu kamili. Kama sheria ni ya wote, basi na wao juu ya ile fomu waandike taarifa hizi ni za kazi gani. Na chama cha ushirika kikitaka kufanya la maana, kiwe na orodha ya wanunuzi inayomilikiwa na wanachama, si iliyoko kwenye simu ya katibu, maana katibu akiondoka na simu imeondoka.

Kijana mwenzangu, wikendi hii fanya mambo matatu tu. Rekebisha ule mstari chini ya jina lako. Tengeneza fomu. Waombe watu 5 unaowafahamu kweli wajiandikishe kwa mikono yao. Ukipata wawili umeanza, mimi nilianza na 11 na yule mzee aliyeniuliza nani kanipa anwani yake ndiye wa 12. Nilimwandikia kumwomba radhi, nikamfuta, nikamwachia kiungo. Miezi miwili baadaye akajiandikisha mwenyewe.

Naomba kuwasilisha. Wenye uzoefu na jambo hili, hasa walioko Mwanga na wale wa tangawizi, mwageni mawazo hapo chini. Wa kunipinga pia mnakaribishwa, ila tupingane kwa hoja.